Shahada ya Ustawi wa Jamii

Mama amfikishaye mtoto aliyedhulumiwa katika kituo cha Isange, penye Hospitali ya Kacyiru mjini Kigali, haulizi cheti cha mtu. Tangu mwaka 2009 kituo hicho kimewakusanya chini ya paa moja, bila malipo kwa mgonjwa, daktari, askari, mtaalamu wa saikolojia na afisa ustawi wa jamii. Daktari ana dawa zake, na askari ana sheria. Afisa ustawi wa jamii hana chombo ila sikio, ulimi na elimu aliyoipata. Akiuliza swali moja vibaya, mtoto hunyamaza, na shauri huenda likafa papo hapo.

Basi ithibati ya shahada hiyo si jambo la makaratasi. Nchini Rwanda, Baraza la Elimu ya Juu ndilo litoalo idhini. Mwaka 2017 masomo kadhaa yalisimamishwa katika vyuo mbalimbali. Wanafunzi walilalamika, nao walikuwa na haki ya kusikitika, kwani karo ilikuwa imekwisha lipwa.

Hata hivyo, vitabu na madawati ni vyepesi kuhesabika. Viwango vya kimataifa vya fani hii, vilivyopitishwa mjini Adelaide, Australia, mwaka 2004, vilitaka pia mafunzo ya kazini chini ya msimamizi. Msimamizi hodari hanunuliwi dukani. Hukomaa kwa miaka mingi, na hawezi kuwabeba wanafunzi ishirini kwa pamoja. Mzazi ampelekaye kijana chuoni na aulize mapema: siku ya kwanza atakapomsikiliza mtoto anayelia, nani atakuwa ameketi kando yake?