Kumchagua Nguruwe Mzazi

Yako mazoea katika milima yetu ya Usambara ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Mitamba ya nguruwe iliyonona upesi huuzwa kwa mchinjaji, maana karo yadaiwa. Yule dhaifu aliyekosa mnunuzi ndiye huachwa awe mama wa zizi. Kisha mwenyewe hushangaa akizaliwa watoto wanne tu!

Twajibiwa kwamba nguruwe ni chakula. Kwamba chakula chafaa hatukatai. Lakini majani ya kabichi na maganda ya viazi hayamwongezei jike chuchu hata moja. Zihesabu kabla hujatoa fedha: zisipungue 12, na 14 ni bora, zote nzima, maana kila mtoto hushika yake akaing'ang'ania. Mama mwenye chuchu 10 akizaa 13, hao watatu watanyonya nini? Tazama na miguu, hasa huku Lushoto kwenye miteremko: jike mzito asiyesimama vema hujibwaga akawalalia watoto wake. Tena uliza mamaye alizaa wangapi, na akakuza wangapi. Mimba ni siku 114. Ni shida gani kuandika hayo daftarini?

Wako wasemao jike wa rahisi wa mnadani atosha. Hatukubali. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo habari zake kutoka Kenya zilichapishwa mwaka 1921, haina dawa hata leo, na mgeni mmoja aweza kulimaliza banda zima. Nunua kwa mfugaji ambaye zizi lake walijua, ukamtenge mnyama majuma kadhaa, hata ikiwa bei yake ni ya wawili wa mnadani.