Bustani za mimea Karibi: Kiingilio peke yake hakimlipi mkulima

MELI ya kitalii inapofunga gati Roseau, mji mkuu wa Dominica katika Bahari ya Karibi, abiria wake huwa na saa chache tu za kutembea kabla ya kurejea melini. Wengi huelekea bustani ya mimea ya mji huo, mwendo mfupi wa miguu kutoka bandarini, na kinachopigwa picha zaidi humo ni basi la shule lililobondwa na mbuyu.

Mbuyu huo ni huu huu tunaoujua Waafrika. Uliangushwa na Kimbunga David Agosti 29, 1979, ukalilalia basi ambalo kwa bahati halikuwa na mtu ndani. Mti haukufa. Ulichipua ukiwa umelala, na mabati ya basi hilo yako chini yake hadi leo.

Mtalii anapiga picha, anaondoka. Swali la kibiashara ni moja: baada ya picha hiyo, amemwachia nini mkulima wa Dominica?

Swali hilo linavihusu visiwa vingi vya Karibi, kwa sababu bustani zao za mimea hazikuanzishwa ili zitazamwe. Zilianzishwa kuwa vitalu vya mazao ya biashara. Leo nyingi zinauza mandhari, na kazi ya kuotesha miche imebaki nyuma. Makala haya yanaangalia jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea, nani anafaidika, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wenye Amani na Kizimbani.

Zilianza kama vitalu

Bustani ya Kingstown, katika kisiwa cha St. Vincent, ni miongoni mwa bustani kongwe zaidi za mimea katika nchi za joto. Ilianzishwa mwaka 1765 na Gavana Robert Melville wa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kupokea mimea kutoka pande nyingine za dunia, kuijaribu na kuisambaza kwenye mashamba.

Umaarufu wake ulikuja mwaka 1793, pale Nahodha William Bligh alipofika na shehena ya miche ya mishelisheli kutoka Tahiti. Safari yake ya kwanza ilivurugika mwaka 1789 baada ya mabaharia wa meli ya Bounty kumwasi. Katika safari ya pili, kwa meli ya Providence, alifika Kingstown mwezi Januari na Jamaika mwezi uliofuata.

Lengo halikuwa la huruma. Wenye mashamba ya miwa walitaka chakula cha bei ya chini cha kuwalisha watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipenda shelisheli mwanzoni. Leo shelisheli la kuchoma kwa samaki wa kukaanga ndicho chakula cha taifa cha St. Vincent, na wageni wanaofika Kingstown huonyeshwa mti unaoelezwa kuwa ni uzao wa miche ya Bligh.

Karne moja baadaye, bei ya sukari ya miwa iliporomoka kutokana na ushindani wa sukari ya biti iliyozalishwa Ulaya. Tume ya Kifalme ya Uingereza ya mwaka 1897 ilipendekeza wakulima wadogo wapewe ardhi na visiwa viachane na kutegemea zao moja. Mwaka 1898 ikaundwa Idara ya Kilimo ya visiwa hivyo, makao yake yakiwa Barbados, chini ya Daniel Morris.

Hapo ndipo bustani zilipofanya kazi yake kubwa kwa mkulima. Bustani ya Roseau, iliyoanza karibu mwaka 1890 katika ardhi iliyokuwa ya miwa, ilitoa miche kwa wakulima wa kisiwa hicho. Dominica ikawa mzalishaji mkubwa wa ndimu mwanzoni mwa karne ya 20.

Trinidad ilikwenda mbali zaidi. Bustani ya Port of Spain ilikuwapo tangu mwaka 1818, na miaka ya 1920 kilianzishwa Chuo cha Kifalme cha Kilimo cha Nchi za Joto huko St. Augustine, ambacho mwaka 1960 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha West Indies. Kwa miaka mingi maofisa wa kilimo waliopangiwa makoloni ya Uingereza, Tanganyika ikiwamo, walipelekwa kusoma hapo kabla ya kuanza kazi. Kisiwa hicho sasa kina hifadhi hai ya kakao yenye aina zipatazo 2,400, moja ya hazina kubwa za zao hilo duniani.

Ndizi zilipoanguka

Kwa nini basi bustani ziligeukia utalii? Jibu kubwa liko kwenye ndizi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wadogo wa Dominica, St. Lucia na St. Vincent waliishi kwa kuuza ndizi Uingereza, wakilindwa na upendeleo wa kibiashara ambao baadaye uliingizwa katika Mkataba wa Lome wa mwaka 1975. Marekani, Ecuador, Guatemala, Honduras na Mexico zililalamika, na mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani (WTO) liliamua kwamba utaratibu wa Ulaya ulivunja kanuni. Mgogoro huo ulimalizwa kwa makubaliano ya mwaka 2009.

Mkulima wa mlimani mwenye ekari chache hakuweza kushindana na mashamba makubwa ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Wengi waliacha ndizi. Serikali zikahitaji fedha za kigeni kutoka kwingine, na meli za kitalii zilikuwa tayari zinapita.

Nani anafaidika getini

Mtu akizunguka bustani hizi atakuta namna tatu za kuziendesha, na kila moja inagawa fedha kwa njia yake.

Ya kwanza ni bustani ya umma isiyotoza kiingilio, kama ile ya Port of Spain. Familia hupumzika humo, wanafunzi hujifunza, na ng'ambo ya barabara, katika uwanja wa Queen's Park Savannah, wauza madafu hufanya biashara. Bustani yenyewe haipati kitu, lakini watu inaowavuta ndio wateja wa muuza madafu. Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba matunzo yanategemea bajeti ya serikali, na bajeti inapobana, bustani huwa haiko mbele kwenye foleni.

Ya pili ni bustani ya mtu binafsi. Katika kisiwa cha Martinique, Jean-Philippe Thoze alianza kupanda kwenye shamba la babu na bibi yake huko Balata, akaifungua bustani kwa wageni mwaka 1986. Ina hekta takribani tatu tu, lakini imejaa mimea, na mgeni hutembea juu ya madaraja ya kamba yaliyofungwa mitini. Jirani yake Guadeloupe, bustani ya Deshaies ilifunguliwa mwaka 2001 katika ardhi iliyokuwa ya mchekeshaji maarufu wa Ufaransa, Coluche, na ina mgahawa wake. Hizi hutunzwa vizuri kwa sababu mwenyewe anaishi kwa tiketi. Hata hivyo, mkulima wa jirani hufaidika pale tu mgahawa au duka linaponunua kwake.

Ya tatu ni bustani iliyo ndani ya shamba. Mfano mzuri ni Diamond, karibu na mji wa Soufriere huko St. Lucia. Mgeni hupita kati ya minazi na mikakao, hutazama maporomoko ya maji yanayobadilika rangi kutokana na madini, na akitaka hulipia kuoga kwenye mabirika yaliyojengwa mwaka 1784 kwa ajili ya askari wa Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa. Shamba linabaki shamba, na mgeni ni pato la nyongeza.

Katika namna zote tatu, kuna anayechukua mapema. Abiria wengi hununua ziara wakiwa bado melini, na kampuni ya meli hubaki na sehemu ya malipo kabla fedha hazijafika nchi kavu. Chakula nacho kimeshalipiwa melini. Kinachobaki kwa kisiwa ni kiingilio, ujira wa dereva na mwongozaji, na chochote mgeni atakachonunua kwa hiari yake.

Mgeni hawezi kubeba mche

Hapa kuna jambo linalosahaulika. Mgeni akipenda mmea, hawezi kuuchukua kirahisi. Marekani inadhibiti vikali miche na matunda mabichi yanayoingia na abiria. Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2019, unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea na tunda analobeba msafiri, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani.

Kwa hiyo bustani inayotaka kuwa biashara inahitaji madirisha mawili. Dirisha la mgeni liuze kilichosindikwa: viungo vilivyokaushwa, kakao, jemu, sabuni, mafuta. Dirisha la mkulima liuze miche bora. Bustani yenye dirisha la kwanza tu ni duka, na isiyo na hata moja ni mahali pa kupigia picha.

Grenada inaonyesha dirisha la kwanza likifanya kazi. Wageni hutembelea kituo cha kuchambulia kungumanga mjini Gouyave na mashamba ya kakao, na tangu mwaka 1999 kisiwa kina kiwanda kidogo kinachogeuza kakao ya hapo hapo kuwa chokoleti. Mgeni anaondoka na bidhaa inayopita forodhani bila taabu, na thamani imeongezwa kisiwani.

Kimbunga na meli isiyokuja

Grenada hiyo hiyo inaonyesha pia kwa nini dirisha la pili ni la lazima. Kimbunga Ivan cha Septemba 2004 kiling'oa sehemu kubwa ya mikungumanga, wakati kisiwa kilikuwa cha pili kwa uzalishaji duniani. Mkungumanga huchukua miaka mitano hadi minane kuanza kuzaa. Baada ya pigo la namna hiyo, anayeamua kasi ya mkulima kurudi shambani ni mwenye kitalu.

Mifano iko mingine. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliiletea Dominica hasara iliyokadiriwa kufikia asilimia 226 ya pato lake la mwaka 2016. Mlima La Soufriere ulilipuka St. Vincent Aprili 2021 na kufunika mashamba kwa majivu. Kimbunga Beryl kilipiga visiwa vya Grenadine Julai 1, 2024.

Halafu kuna pigo lisilong'oa mti hata mmoja. Machi 2020, kutokana na ugonjwa wa Covid-19, meli za kitalii zilisimama zaidi ya mwaka. Bustani zilizokuwa zikingoja abiria zilibaki na miti yake na mishahara ya kulipa. Katika kipindi hicho, aliyekuwa na miche ya kuuza alikuwa na mteja mlangoni.

Aidha, visiwa hivi vinaagiza sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, na hoteli zinazopokea watalii ni miongoni mwa walaji wakubwa wa chakula hicho. Jumuiya ya Karibi (Caricom) ilijiwekea lengo la kupunguza uagizaji huo kwa asilimia 25 ifikapo mwaka 2025, kisha ikasogeza mbele hadi 2030. Mshelisheli uliokomaa vizuri huweza kutoa matunda zaidi ya 100 kwa mwaka, na unga wake unaweza kuchanganywa na wa ngano. Ni kichekesho kichungu kuwa na bustani iliyousambaza mti huo tangu 1793, halafu kuutumia kama picha ya kadi.

Amani na Kizimbani

Kwetu historia inafanana. Bustani ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ili kujaribu mazao ya biashara. Wakati wa Waingereza, watafiti wa Amani walifanya kazi kubwa miaka ya 1930 ya kuzalisha mihogo inayovumilia batobato, na mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilitumika baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Baadaye utafiti ulihamishiwa Muguga, Kenya. Tangu 1997 Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, na wageni huja kuona ndege, vipepeo na miti ya kale.

Zanzibar, kwa upande wake, tayari inajua dirisha la mgeni. Ziara za viungo za Kizimbani na Kidichi humwonyesha mtalii karafuu, mdalasini na kungumanga zikiwa mtini, kisha humuuzia pakiti. Ni biashara inayomfikia mwenye shamba moja kwa moja kuliko tiketi ya bustani nyingi za Karibi, ilimradi kilichomo kwenye pakiti kimetoka kwenye shamba lililotembelewa.

Kinachokosekana ni kuunganisha pande hizo mbili. Mipango ya utalii wa mimea hupimwa kwa idadi ya wageni. Ipimwe pia kwa mambo mengine mawili: ni miche mingapi ilitoka kwenda kwa wakulima wa vijiji vya jirani mwaka huo, na katika kila shilingi elfu moja aliyoacha mgeni, kiasi gani kilinunua kitu kilicholimwa ndani ya wilaya. Kipimo hicho hakihitaji mfadhili wala mshauri wa kigeni. Kinahitaji daftari getini na jingine kitaluni.

Melville aliipanda bustani ya Kingstown kwa faida ya wenye mashamba ya watumwa. Wajukuu wa watumwa hao ndio wanaoimiliki leo. Kama watatumia ardhi hiyo kulisha visiwa vyao au kuburudisha wapita njia tu, ni uamuzi wao. Kwa Amani, uamuzi ni wetu.