Dira Zetu Anazikagua Nani?

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Boti Ndogo,

YAH: DIRA YA USUKANI UNAOJIENDESHA

Ndugu Mkuu,

Mkaguzi wako alipokuja botini kwetu alihesabu majaketi ya kujiokolea, akaangalia mitungi ya kuzimia moto, akatia saini. Simlaumu, fomu yake haina mstari wa dira. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumefunga spika mpya, abiria wapate taarabu njiani, na sumaku ya spika ile ilikaa shubiri mbili tu kutoka kwenye kihisi cha dira kinachouongoza usukani.

Tukang'oa nanga Dar es Salaam kwenda Unguja. Usukani ulishika njia bila kutetereka, nasi tukauamini. Kisiwa cha Chumbe, ambacho mnara wake wa taa umesimama tangu 1904, kikatokea mbele ya omo badala ya kulia kwetu. Kwa kila maili 60, digrii 1 ya kosa hukupotosha maili 1. Safari yetu ni maili 40 hivi za bahari. Digrii 6 zinakutoa maili 4, na kule kuna matumbawe.

Kaskazini ya sumaku kutolingana na ya ramani hakutusumbui, maana tofauti hiyo imechapwa kwenye ramani zenyewe. Tabu ni vitu vya botini: injini, nanga, nyaya za umeme, hata simu ya nahodha. Tena kosa lake halitulii: ukielekea kaskazini laweza kuwa digrii 2, ukigeuka mashariki likawa 8. Nahodha Matthew Flinders alilichunguza jambo hili melini mwake, pwani ya Australia, kati ya 1801 na 1803. Sisi bado tunaambiana, "Si washa GPS!" GPS inajua boti inakokwenda, haijui omo linatazama wapi, na penye mkondo mkali hayo ni mambo mawili.

Dawa yake ni kazi ya asubuhi moja. Bahari ikiwa shwari, mbali na gati la chuma na meli kubwa, boti inazungushwa polepole duara kamili, mara mbili au zaidi, kifaa kijipime. Kisha unahakiki kwa alama mbili za nchi kavu zilizomo ramanini.

Naomba fomu iongezwe mstari mmoja: dira ilipimwa lini, na tangu siku hiyo kimefungwa nini kipya? Bajeti ikiruhusu, simamisheni nguzo mbili karibu na lango la bandari, mwelekeo wake umeandikwa, tupimie tunapotoka.

Spika nimeihamishia nyuma. Abiria wa mbele wanalalamika hawasikii.

Wako mtiifu,
Nahodha wa boti ya abiria