Atto 3 au Kona? Uliza betri kwanza, rangi baadaye



Maswali ya magari hayajawahi kuisha Bongo, ila siku hizi yamebadilika sura. Zamani mtu alikuuliza achukue RAV4 au Harrier. Sasa naulizwa BYD Atto 3 au Hyundai Kona Electric, tena wanaouliza si watoto wa matajiri. Wengi ni watu wa kiinua mgongo au mkopo wa SACCOS. Mtu wa namna hiyo ana risasi moja tu bundukini, akikosea anarudi kwenye daladala na deni juu. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu badala ya kujibu mmoja mmoja.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa mtu wa Dar mwenye nyumba yenye umeme na sehemu yake ya kuegesha, nachagua Atto 3. Ila nina masharti, na ukiyaruka masharti hayo basi ushauri wangu usiutumie.

Tuanze na karatasi. Hizi ni SUV ndogo mbili ambazo kwenye vipeperushi unaweza kudhani ni ndugu. Kona ninayoizungumzia ni ile ya toleo la kwanza, iliyoanza 2018, yenye betri kubwa ya uniti 64, kwa sababu ndiyo mtu wa kawaida anayoweza kuipata ikiwa imetumika Uingereza. Atto 3 ilianza kuuzwa China mwaka 2022 kwa jina la Yuan Plus, na betri yake ni uniti 60. (Ndiyo, uniti zile zile unazonunua kwenye LUKU.) Mota zote mbili zina kilowati 150, yaani farasi 204. Zote zinavuta kwa tairi za mbele. Atto 3 ni ndefu zaidi, mita 4.45 dhidi ya 4.18 za Kona, na siti ya nyuma na buti utaiona tofauti hiyo siku ya kubeba familia na magunia.

Kwa umbali Kona inashinda. Kipimo cha Ulaya kiliipa kati ya kilomita 449 na 484 kulingana na mwaka, na Atto 3 ikapewa 420. Hizo ni za vipimo, ukiwasha AC na kukanyaga mafuta (tutaacha lini kusema mafuta?) barabara kuu zinapungua. Kama wewe kila wikiendi unakwenda Morogoro na kurudi, kama kilomita 390 hivi, Kona ina hoja nzito na sitabishana nawe. Lakini jamani, wangapi kati yetu wanafanya hivyo? Mbezi hadi Posta na kurudi haifiki kilomita 60. Kwa siku tano za kazi hujamaliza chaji ya gari lolote kati ya haya.

Sasa tufike penye jambo lenyewe, betri. Betri ndiyo sehemu ya gari hili yenye thamani kubwa kuliko zote, na hapa hawa ndugu wawili wanaachana kabisa. Kona inatumia betri ya nikeli, manganizi na kobalti. Ni nyepesi na inabeba umeme mwingi kwa kilo, ndiyo maana inakwenda mbali. Atto 3 inatumia betri ya chuma na fosfati. Hii ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, lakini inavumilia joto vizuri, inastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla haijachoka, na unaweza kuijaza hadi asilimia 100 bila kuiumiza sana. Ile ya Kona kwa matumizi ya kila siku inashauriwa uishie kama asilimia 80. Udhaifu mkubwa wa betri ya fosfati ni baridi, na Dar baridi ipo kwenye friji tu. Mnorwe ana sababu ya kuiogopa, wewe wa Tabata huna.

Kuna la pili linalonigusa kama Mwafrika. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, na habari za watoto na vibarua kwenye mashimo yale zimeandikwa sana. Betri ya Atto 3 haina kobalti. Sisemi BYD ni malaika, nasema hilo moja halipo.

Je, usalama? Hapa hakuna msafi. Februari 2021 Hyundai ilitangaza kubadilisha betri za magari takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, baada ya baadhi kushika moto. Kwa hiyo ukiona Kona ya 2018 hadi 2020 inauzwa bei ya kutupa, omba namba ya chesisi na ushahidi kama gari hilo lilikuwa kwenye orodha na kama betri ilibadilishwa. Iliyobadilishwa inaweza kuwa bahati yako, maana unapata gari kuukuu lenye betri changa. Isiyo na majibu iache. Nao BYD mwaka 2024 waliyaita magari karibu 97,000 ya Dolphin na Yuan Plus huko China kwa sababu ya kifaa cha usukani kilichoweza kusababisha moto. Swali ni lile lile: namba ya chesisi, na ushahidi.

Masharti yangu sasa.

La kwanza, soketi ya gari. Hapa ndipo watu watalia. Atto 3 iliyouzwa China ina usukani kushoto, menyu za Kichina na soketi ya mfumo wa China. Iliyouzwa Japani ina usukani kulia lakini kwa chaji ya haraka inatumia mfumo wa Kijapani. Iliyouzwa Uingereza ina usukani kulia na mfumo wa Ulaya, sawa na Kona ya huko. Gari ni lile lile kwa jina, ila kwenye chaja ni magari matatu tofauti! Ukitazama picha mtandaoni ukaona bei nzuri, muulize muuzaji akutumie picha ya soketi kabla ya picha ya siti. Na usukani kushoto sikushauri, jaribu kulipita lori Barabara ya Morogoro halafu uje tuongee.

La pili, umeme wa nyumbani. Kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, kujaza uniti 60 kutoka sifuri ni zaidi ya saa 24. Ukifungiwa chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni kama saa 9, yaani unalala, unaamka, limejaa. Lakini lazima fundi apime nyaya zako kwanza. Nyumba nyingi za kwetu zilifungwa kwa ajili ya taa, friji na pasi. Na kama umepanga chumba na unaegesha nje ya geti la jirani, ndugu yangu, usinunue lolote kati ya haya kwa sasa.

Faida yake tuihesabu kwa mikono. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyopangwa 2016, pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Uniti 60, ukiongeza asilimia kumi zinazopotea wakati wa kuchaji, ni kama shilingi 23,500. Hizo zinakupeleka, tuseme kwa tahadhari, kilomita 350. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula lita 29. Zidisha mwenyewe na bei ya EWURA ya mwezi huu. Halafu siku TANESCO wamekata, Atto 3 kwa kifaa chake maalumu inatoa umeme wa kuwasha friji na taa. Kona hii ya toleo la kwanza la Ulaya haina hilo.

La tatu, fundi. Waranti ya betri ya miaka minane inasomeka vizuri, lakini gari ukiliagiza mwenyewe mara nyingi waranti haivuki bahari. Kabla hujalipa, mtafute fundi mwenye kifaa cha kusoma betri na glavu za umeme mkubwa, uongee naye ana kwa ana. Kama jibu lake ni "tutaangalia tu", hapo hujampata fundi. Na pitia kikokotoo cha TRA, maana gari likizidi miaka minane kuna ushuru wa uchakavu, na Kona za mwanzo zinafika huko.

Majirani wameshaanza: Rwanda ilifuta kodi kadhaa za magari ya umeme 2021, Kenya ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia 2023, Ethiopia ikazuia kuingiza magari binafsi ya petroli 2024. Wimbi linakuja kwetu, na litakuja na madalali wake. Dalali atakuonyesha skrini inayozunguka na nyuzi za gitaa kwenye milango ya Atto 3. Mwache amalize, kisha muulize: betri gani, soketi gani, fundi nani?

Naomba kuwasilisha. Mwenye Kona asiyekubaliana nami aje na hoja, ila aje na kilomita zake.