KONA YA MALEZI: Kuuzuru Mji wa London Pamoja na Vijana



Nawaombeni mwezi huu tuzungumze juu ya safari za familia. Kila likizo za shule zinapokaribia, wengi wetu tunaoishi katika miji ya mikoani hapa Uingereza hufikiria kuwapeleka watoto London kwa siku moja au mbili. Watoto wadogo hawana taabu. Wapandishe basi la ghorofa, wape aiskrimu, nao wameridhika. Mtihani huanza wanapotimiza miaka kumi na mitatu. Hapo kijana hutembea hatua ishirini nyuma ya wazazi wake, masikio ameyaziba kwa muziki, macho yako kwenye simu. Baba hukasirika, mama hubaki katikati akisuluhisha, na jioni wote hurudi nyumbani wamechoka bila ya kuwa na la kusimuliana.

Watu husema huo ni ujana tu, utapita. Ni kweli, lakini katika familia zetu kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyekulia hapa ndiye msemaji wa nyumba. Yeye ndiye anayesoma barua za halmashauri, na ndiye anayemweleza daktari maumivu ya mama yake. Mzazi aliyekuwa mtu wa kauli huko kwao hujiona amegeuka mwanafunzi wa mwanawe, na mtoto naye hujiona amebebeshwa utu uzima kabla ya wakati wake. Safari ya mji mkubwa hulitoa jambo hili hadharani. Mbele ya mashine ya tiketi, watu wamepanga foleni nyuma yenu, ni nani ajuaye la kufanya? Aghalabu si baba. Ndipo baba hufoka, na kijana huzidi kurudi nyuma.

Rai yangu ni kwamba tusishindane na watoto wetu katika lile wanalolijua. Tuwaachie njia, nasi tushike maana. Kijana na atuongoze mjini, nasi tumwonyeshe yale ambayo mji wenyewe hausemi.

Tuanze na njia. Usiku wa kuamkia safari, mkabidhi kijana ramani ya treni za chini ya ardhi na fedha za siku nzima, umwambie apange yeye nauli, chakula na viingilio. Mweleze kwamba reli ya kwanza ya namna hii duniani ilifunguliwa hapo London mwaka 1863, baina ya Paddington na Farringdon, na kwamba ramani aliyoishika imetokana na mchoro wa Harry Beck uliochapishwa mwaka 1933. Beck hakuchora umbali kama ulivyo, bali alinyoosha mistari ili macho yafuate kwa wepesi. Ndiyo sababu kutoka Leicester Square hadi Covent Garden huonekana ni safari ya treni, ilhali baina ya vituo hivyo hapafiki hata mita 300. Mwache kijana aligundue hilo mwenyewe, naye atawaokolea nauli.

Akumbuke pia kuwa mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, na kwamba watoto wasiotimiza miaka 11 hawalipi katika mabasi na treni za chini ya ardhi wakiwa na mtu mzima. Kwa wenye miaka 11 hadi 15 kuna punguzo la wageni linalowekwa katika kadi ya Oyster na wafanyakazi wa kituoni. Na aulize, maana kuuliza si ujinga. Tena mkubaliane tangu asubuhi mahali pa kukutania iwapo mtapoteana, kwa kuwa simu huisha chaji saa ile ile inapohitajiwa.

Sasa maana. Napendekeza mahali patatu tu kwa siku moja, kwani wingi wa vituo huua hamu.

Pa kwanza ni Westminster Abbey. Kuingia ni kwa malipo, na Jumapili hapana matembezi, ni ibada tu. Ndani yake, chini ya jiwe jeusi, amelazwa David Livingstone, aliyefariki dunia tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Maandishi ya jiwe hilo yanaeleza kwamba aliletwa na mikono aminifu kupita nchi kavu na bahari. Mwulize kijana wako: mikono ya nani? Jiwe halijibu. Jibu unalo wewe. Abdullah Susi na James Chuma, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kutoka hapo ulipelekwa Unguja, kisha ukasafirishwa kwa meli. Siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, miongoni mwa walioshika jeneza alikuwamo Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesomeshwa India, ambaye aliandika pia habari za safari hiyo. Susi na Chuma wenyewe walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Wote wawili walifia Unguja, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Kijana asiyependa historia hulipenda jambo moja, nalo ni haki. Mwonyeshe jina lililokosekana, nawe utamwona akiondoa vile vidude masikioni.

Pa pili, shukeni kituo cha Tower Hill. Watalii wote hukimbilia ngome ya Tower na daraja la Tower Bridge lililofunguliwa mwaka 1894. Ninyi piteni kando hadi St Katharine Docks, gati lililofunguliwa mwaka 1828. Kutembea hapo hakuna malipo. Leo pamejaa mashua za matajiri na mikahawa, lakini lipo jengo la matofali lenye mnara wa saa, liitwalo Ivory House, yaani nyumba ya pembe. Katika karne ya 19 ndimo zilimowekwa pembe za ndovu zilizoletwa London kuuzwa, na Unguja ilikuwa mojawapo ya masoko makuu ya pembe duniani. Pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi na wengineo, kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo, ile ile Bagamoyo alikopitishwa Livingstone. Huku zikageuzwa vitufe vya piano, vipini vya visu na mipira ya biliadi. Usitoe hotuba ndefu. Mwambie tu: njia iliyotuleta sisi huku haikuanza na ndege.

Pa tatu ni Greenwich. Mwaweza kwenda kwa mashua ya abiria kutoka gati la Tower, au kwa treni za DLR kutoka Bank hadi Cutty Sark. Treni hizo hazina chumba cha dereva mbele, na hata kijana mwenye kujifanya mtu mzima hugombea kiti cha mbele kabisa. Juu ya kilima kipo kituo cha kuangalia nyota kilichoanzishwa mwaka 1675. Ndipo upitapo mstari ambao mkutano wa Washington wa mwaka 1884 uliuchagua kuwa mwanzo wa kuhesabia longitudo za dunia. Uani kwenye mstari huingiwa kwa malipo. Kilima na bustani ni bure, na mandhari yake hayana mfano.

Ketini hapo mle mlivyochukua kutoka nyumbani, kisha mpe kijana hesabu hii: ikiwa ni saa sita mchana kwa saa ya Greenwich, Mombasa na Unguja ni saa ngapi? Atajibu, saa tisa. Mwulize tena, kwa nini wazee wetu huhesabu saa tangu kucha wala si tangu usiku wa manane? Kwetu pwani jua huchomoza karibu na wakati ule ule mwaka mzima, basi macheo ni mwanzo mzuri wa hesabu. Hapa London, mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Disemba hungoja hadi saa mbili asubuhi. Hesabu yetu isingefaa huku. Kumbe saa ya Kiswahili ambayo kijana huiona ni kichekesho cha bibi yake ina mantiki kamili mahali ilikozaliwa.

Neno la mwisho kwa wazazi. Siku hiyo, kijana akikosea njia, msimcheke wala msimnyang'anye ramani. Mwacheni aulize, arudi, arekebishe. Vivyo hivyo yeye asiwacheke mkitamka vibaya majina ya vituo. Heshima ni ya pande mbili. Na jioni mkifika nyumbani, mpigieni simu bibi au babu, kisha mpeni kijana asimulie yeye, kwa Kiswahili, juu ya Susi na Chuma, juu ya pembe na juu ya saa. Maneno yatampungukia, atawageukia mumsaidie. Hapo mkalimani atakuwa mzazi, naye mtoto hataona haya, kwa sababu mchana kutwa yeye ndiye aliyewaongoza.

Hadi mwezi ujao, Mungu akipenda, nawatakieni safari njema.