Miaka 30 ya jaji ni miaka mingapi gerezani?

Jaji akimaliza kusoma hukumu ya mauaji, jamaa za marehemu hutoka mahakamani na nambari moja tu kichwani: miaka 30. Ndiyo wanayorudi nayo nyumbani, iwe ni Matiliku kule Makueni au Kisauni hapa kwetu. Hakuna aliyewaambia kwamba huyo bwana aweza kuwa nje baada ya 20.

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza humpunguzia theluthi moja mfungwa mwenye bidii na nidhamu. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai nayo yataka muda wa rumande uhesabiwe. Basi aliyekaa rumande miaka 4 kesi ikiahirishwa kila mara, siku anapohukumiwa huenda amebakisha 16. Si hila wala si hongo, ni sheria. Kosa ni kuwa jamaa wanakuja kuijua hesabu hiyo siku wanapokutana naye sokoni.

Zamani haikuwapo hesabu ya kupiga. Aliyeua kwa kukusudia alihukumiwa kitanzi, basi, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu hiyo. Sasa apime umri, majuto, kama ni kosa la kwanza, kama mtu aweza kurekebika. Mauaji ya Matiliku yakipelekwa Mahakama Kuu ya Makueni pale Wote, na ya Kisauni yakisikizwa Mombasa, kila jaji ana mizani yake.

Lililo gumu zaidi ni kifungo cha maisha. Hicho hakina theluthi. Aliyepewa miaka 45 aweza kutoka baada ya 30. Wa maisha hungoja msamaha wa Rais chini ya ibara ya 133 ya Katiba, uje usije. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Malindi, katika kesi ya unajisi, ilikataa kifungo cha maisha cha lazima na kuweka miaka 40. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo.

Kanada, jaji anayemfunga muuaji maisha hutamka pale pale ni miaka mingapi lazima ipite kabla ya mfungwa kuruhusiwa kuomba kuachiliwa. Kwetu, jaji akiongeza sentensi moja tu, kwamba akipata punguzo lote atatoka mwaka fulani, mama wa marehemu angejua, na mama wa mfungwa pia.

Sheria yenyewe ni kazi ya Bunge. Katika hukumu ile ile ya Muruatetu, majaji walimtaka Mwanasheria Mkuu na Bunge waeleze kifungo cha maisha ni nini, pamoja na muda wa chini wa kutumikia kabla ya kufikiriwa kuachiliwa. Ripoti ya ndani ya miezi 12 waliyoitaka kwa Mwanasheria Mkuu ilihusu kusikizwa upya kwa adhabu za kesi kama hiyo.