Logibuku ya Ndugu Yako Iko Wapi?



Kuna ndugu tunayeswali naye hapa Juja. Ni dereva wa teksi, ana Probox ya kijivu, na kila mtu stejini anamjua. Wiki tatu hatukuiona gari. Tukadhani iko gereji. Halafu siku moja baada ya Alasiri akatuambia polepole, kama mtu anayekiri kosa: gari imebebwa. Alikuwa ametoka kuswali Alfajiri, akarudi kwake akakuta nafasi tupu. Mlinzi wa ploti alimwambia watu watatu walikuja na brekdauni na karatasi.

Alikuwa amechukua loni ya logibuku. Mama yake alilazwa, bili ikapanda, na hospitali haingoji. Alilipa miezi saba bila kukosa hata siku moja. Mwezi wa nane kazi ikawa mbaya. Wa tisa pia.

Kilichotuuma zaidi si gari. Ni kwamba miezi hiyo yote alikuwa nasi kwenye safu, bega kwa bega, na hakuna aliyejua. Ametupa ruhusa tuandike hesabu zake bila jina, ili mwingine asiingie mbio kama yeye.

Hesabu ni hizi. Aliomba shilingi 200,000 za miezi 12. Riba asilimia 5 kwa mwezi. Ukiisikia, 5 ni namba ndogo. Lakini ilihesabiwa juu ya deni lote la mwanzo, kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu. Kwa hiyo riba ni 10,000 kila mwezi, na sehemu ya deni lenyewe ni kama 16,700. Jumla karibu 26,700. Ukimaliza mwaka umelipa 320,000.

Angalia mwezi wa 11. Deni halisi lililobaki ni kama 33,000 tu, lakini riba bado ni 10,000 ile ile. Hapo unalipa asilimia 30 kwa mwezi mmoja, na bado karatasi inakuambia ni 5.

Na hakupata 200,000 mkononi. Walikata pesa za kukagua gari, za treka, za bima, za kuandikisha na za "huduma". Simu yake iliingia 174,000. Katika miezi saba alirudisha zaidi ya 186,000. Yaani alisharudisha zaidi ya kile alichopokea, na gari ikaenda.

Sasa tuje kwa dini, kwa sababu najua wengine tayari mnasema: alikula riba, amevuna alichopanda. Ndugu, polepole.

Kwanza, kuweka mali rehani si haramu. Aya ya 283 ya Suratul Baqara inaizungumzia rehani waziwazi. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika hadithi ya Bi Aisha iliyopokewa na Bukhari, alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa sababu ya shayiri ya kulisha nyumba yake. Kwa hiyo ukitoa logibuku kama dhamana ya deni hujafanya kosa. Kosa ni ile nyongeza. Riba ndiyo imekatazwa, na katazo lake ni zito, hatutalipunguza hapa.

Lakini ile ile Baqara, aya ya 280, inamwambia anayedai: mdaiwa akiwa na dhiki, mpe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Na Sura ya Tauba aya ya 60 inataja watu wanane wanaostahili zaka, na wenye madeni ni mmoja wao. Ni mara ngapi tumesikia zaka ikitangazwa kwa ajili ya mtu aliyelemewa na deni? Tunasikia maskini, tunasikia mayatima, tunasikia ujenzi. Wenye madeni tunawasomea aya ya riba na kuondoka.

Kuna hadithi nyingine ambayo kila mmoja wetu ameisikia madrasa. Ililetwa jeneza, Mtume (s.a.w.) akauliza kama marehemu ana deni. Wakasema ndiyo, dinari tatu, na hakuacha kitu cha kulipia. Akawaambia mswalieni mwenzenu. Hapo Abu Qatada akasimama akasema deni lake liko juu yangu. Ndipo Mtume akamswalia. Sisi tukiisimulia tunasisitiza uzito wa deni, na ni kweli. Lakini mle ndani kuna mtu aliyesimama kutoka kwenye safu. Kwenye safu yetu ya Juja, nani alisimama?

Wacha tuseme ukweli. Ndugu yetu alijua riba ni haramu. Alijua pia kwamba pale mjini kuna mabango yanayomwahidi pesa siku hiyo hiyo, na kwamba msikitini hakuna mlango wa kubisha. Benki za Kiislamu zipo Kenya, Gulf African Bank na Premier Bank, ile iliyokuwa First Community, na murabaha ni njia nzuri ya kununua gari. Lakini mtu wa teksi au boda, asiye na payslipu, mwenye mama hospitalini saa nne usiku, hapati msaada wake huko kwa haraka anayoihitaji.

Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza ni haki zako, kwa yule ambaye ameshaingia.

Dhamana za namna hii zinaongozwa na Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017. Ukishindwa kulipa, anayekudai hawezi kuuza gari kimya kimya. Lazima upewe notisi, na unayo nafasi ya kulipa na kuikomboa kabla haijauzwa. Ikiuzwa kwa zaidi ya deni na gharama zake, kinachobaki ni chako. Watu wengi hawajui hilo. Gari ya 600,000 inauzwa kwa deni la 130,000, na mwenyewe hata haulizi chenji yake. Uliza, kwa maandishi. Wakikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili kusimama pale.

Anayekuja kubeba gari aonyeshe barua ya kazi na leseni yake ya udalali. Usipigane. Piga picha karatasi, andika namba ya brekdauni, uliza gari inapelekwa yadi gani.

Riba nayo ina mwisho. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishashindikana, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni lililokuwepo siku hiyo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba hata HELB inabanwa na kanuni hiyo, na nyinyi wa JKUAT mnajua maana yake. Wakopeshaji wadogo wasio benki walikuwa wakijiendea tu, lakini sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 imewaweka chini ya Benki Kuu. Ukiona riba yako imepita deni lenyewe, usilipe tu kwa uoga. Tafuta ushauri.

Na wewe ambaye hujaingia bado: usitie saini fomu yenye nafasi tupu. Usimpe mtu nenosiri lako la eCitizen, kwa sababu huko ndiko NTSA huhamisha umiliki wa gari. Uliza swali moja tu: "Jumla nitalipa shilingi ngapi, na mkononi napata ngapi?" Akizungukazunguka, ondoka.

La pili ni letu sote, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Vijana 30 wakitoa 500 kila mwezi, hiyo ni 15,000. Kwa mwaka ni 180,000. Hiyo inazidi zile 174,000 zilizoingia kwa simu ya ndugu yetu. Mia tano ni bando za wiki mbili na chipsi za Jumamosi. Tunaweza kuanzisha mfuko wa qardhi hasana hapa Juja, na wenzetu wa Ruiru na Thika wakaanzisha wao. Mtu anakopa 50,000, anarudisha 50,000.

Najua swali linalofuata: na asiporudisha? Ni swali la haki, maana vyama vingi vimekufa hivyo. Jibu liko katika dini yetu wenyewe. Aya ya 282 ya Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Basi tuandike, na mashahidi wawepo. Akina dada wawe ndani ya kamati, sio wa kupika chai tu. Na kwa mkopo mkubwa, tushike rehani. Ndiyo, logibuku. Tuishike kama ile deraa ilivyoshikwa, bila nyongeza, bila treka, na bila brekdauni ya alfajiri. Akikwama, tunakaa naye tunapanga upya, na akilemewa kabisa tunamwendea imamu kuhusu fungu la zaka la wenye madeni.

Harakati hii imepigania vitambulisho, imepigania hijabu mashuleni, imesimama na waliokamatwa bila sababu. Kuna watakaosema deni ni jambo la mtu binafsi. Lakini mtu aliyenyang'anywa kitendea kazi chake kwa karatasi ambayo hakuielewa amedhulumiwa, na sisi kazi yetu ni kusimama na aliyedhulumiwa.

Ijumaa hii baada ya swala, usikimbilie viatu. Tutakaa nusu saa nyuma ya msikiti. Njoo na 500 kama unayo, na kama una deni linalokunyima usingizi njoo pia, hutaulizwa mbele ya watu. Usiyeweza kufika tuandikie inboksi, mkopo wako tutausoma pamoja.

Ndugu yetu kwa sasa anaendesha gari ya mtu mwingine. Jana usiku tulimsaidia kuandika barua ya kuomba hesabu ya mnada. Mwombeeni dua.

Wabillahi tawfiq.